Kioo cha Chumba Namba Tatu

Hii nitakayowaambia hamtaiamini, na sitawalaumu. Hata mimi, mtu akiniambia kwamba hapa Munyaka, Eldoret, mahali bahari inajulikana kwa chumvi peke yake, kuna meli imesimama kando ya njia ya kwenda sokoni, ningemuuliza amekunywa nini na kama amenibakishia. Lakini meli iko. Ina vyumba sita, ina mabati juu, na wakati wa mvua inavuja kama meli nyingine yoyote. Nahodha wake ni Gichuru, mume wa dada yangu Nyaguthii. Amekaa hapa mbele yangu sasa hivi, karai katikati ya magoti, anapukuchua mahindi.

Mimi ni Macharia. Shule niliachia darasa la sita, si kwa ujinga, ni mwalimu alichoka kabla yangu. Lakini kuandika naandika. Nusu ya ndoa za estate hii zilianza na barua ya mkono wangu, na kama zingine zimevunjika, hiyo si kazi ya mwandishi. Gichuru hajui kuandika kitu kirefu kuliko jina lake, ndiyo maana kazi hii imeniangukia mimi. Amekubali kwa sharti moja, kwamba ninapoandika nisome kwa sauti, yeye asikie.

Kisa ni hiki. Mwalimu Murunga ametuma salamu kutoka kwao Kakamega kwamba Jumamosi anakuja kuchukua sanduku lake la vitabu. Miaka mitano hilo sanduku limekaa chini ya kitanda cha dada yangu. Na tangu salamu zifike, shemeji yangu hali chakula akamaliza. Kwa sababu watu wa Munyaka husema kwamba Gichuru alimuuza mwalimu. Hawasemi mbele yake. Wanasema dukani akishatoka, mlango ukiwa bado unatingika. Mimi nasema hakumuuza. Mwalimu akifika atapewa karatasi hizi asome mwenyewe, ajue Gichuru, mwenye nyumba wake, alifanya nini siku ile mbele ya kioo cha chumba namba tatu. Na nyinyi wengine someni, lakini someni mkiwa mmekaa kwenu. Karatasi zikionekana na watu wasiofaa, anko wenu atachukuliwa na polisi akaogeshwe maji baridi bila kuomba.

Turudi nyuma. Gichuru aliondoka hapa mwaka wa sabini na tisa na sweta moja, akateremka Mombasa kutafuta kazi ya hoteli. Akatandika vitanda vya wazungu miezi minane. Halafu meli ya watalii ikatia nanga, wahudumu wake watatu wameugua, na msimamizi wa hoteli akaulizwa kama ana kijana anayejua kukunja shuka ikae kama bahasha. Gichuru akapanda. Mtu ambaye hata mto Sosiani anauvukia darajani, na katikati ya daraja.

Meli hiyo ilikuwa na vyumba elfu mbili.

"Mia mbili na kumi," anasema Gichuru, bila kuinua macho kwenye mahindi.

Mia mbili na kumi. Nimeandika. Kati ya hivyo alipewa kumi na vinne, na vyake vilikuwa vya ajabu. Vyumba vingine vya meli mlango wake unafunguka ndani, kwenye kijia chembamba kama cha wodi. Vyake vilikuwa na mlango huo pia, lakini ukuta wa upande wa bahari ulikuwa kioo kitupu, juu mpaka chini, na katikati ya kioo kuna mlango wa kusukuma. Ukitoka hapo unakanyaga sitaha ya kutembelea, na sitaha si yako. Ni ya watu wote. Wanapita wazee wanaopunga hewa, wanapita watoto, wanapita wazungu wa kukimbia asubuhi, wanaizunguka meli kama ng'ombe waliofungiwa wakisubiri kuogeshwa dawa. Fikiria mtu amelipa hela ya shamba ili aamke aone bahari, na akiamka, kati yake na bahari kuna mapaja ya mtu asiyemjua.

Wenye meli walikuwa wamelifikiria hilo. Kioo kilibandikwa karatasi fulani ya kung'aa. Mchana, aliye nje akitazama anajiona mwenyewe tu, kama kwa kinyozi. Aliye ndani anamwona wa nje mpaka jino lililooza. Lakini hiyo karatasi haina rafiki wa kudumu. Nje kukifanya giza na ndani kuwe na taa, mambo yanageuka. Wa ndani ndiye anayeonekana, na yeye akitazama kioo haoni kitu ila sura yake. Mgeni hajui. Anavua shati akidhani amejificha, na huko nje sitaha nzima imesimama.

Kwa hiyo kulikuwa na kazi ya jioni. Saa kumi na moja na nusu kamili, kabla ya taa kuwashwa, kila mhudumu anapita kwenye sitaha, anagonga vyumba vyake kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Mara mbili, si tatu. Maana yake, funga pazia, saa imefika. Mgeni akiwa hayuko, mhudumu anaingia anafunga mwenyewe. Gichuru aligonga hivyo miaka mitatu na nusu.

"Hakuna mgeni wangu hata mmoja aliyeonwa," husema. Wanaume wengine hujivunia ng'ombe. Yeye hujivunia hilo, na kusema kweli hana lingine.

Alirudi mwaka wa themanini na tatu na koti zito, saa ya mkono aliyopewa na mzungu mmoja mgonjwa, na mabunda matatu ya ile karatasi ya kung'aa, yaliyobaki meli ilipofanyiwa ukarabati. Nyaguthii alitarajia kitenge. Alipoona mabunda akaniita nje. "Macharia, huyu mtu ameniletea takataka ya wazungu imekunjwa vizuri."

Mwaka uliofuata akajenga kwenye ploti ya baba yake, vyumba sita kwa mstari mmoja, na mimi nikiwa msimamizi wa fundi. Bila mimi hiyo nyumba ingekuwa inaangalia Uganda. Kila chumba alikipa kioo kikubwa mbele, akabandika karatasi yake, na mlango kando ya kioo. Vyote vinafunguka kwenye njia, na njia ni ya kila mtu: wa kwenda sokoni, wa kwenda kanisani, wa kwenda stendi. Mlango wa ndani hakuweka. Nyuma ni ploti ya mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa ameinua ukuta wake mpaka kwenye mabati yetu.

Nilimwambia siku ileile. "Shemeji, hii nyumba haina mgongo. Mtu akitaka kukimbia atapitia wapi?"

"Anamkimbia nani?" akaniuliza. "Amefanya nini?"

Nikacheka. Nilidhani amenijibu vizuri.

Basi Munyaka ikapata kioo cha bure. Kutoka asubuhi, hakuna aliyepita bila kusimama. Wanawake walifunga vitambaa vyao hapo. Mchungaji mmoja, simtaji, alikuwa anakuja kufanya mazoezi ya kulia. Jepkosgei, mama wa maziwa kutoka upande wa Kaptagat, alisimama siku ya kwanza na madumu yake mgongoni akajitazama kuanzia kichwa mpaka viatu, kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani. Akasema, "Huyu mama mnamlisha nini hapa, mbona amechoka hivi?" Akakataa kupita upande huo wiki nzima. Na kila jioni akirudi kutoka mjini alisimama Ndungu.

Ndungu alikuwa wa vijana wa chama tawala. Ni mtoto wa hapahapa, tulimjua akiwa na kamasi, lakini walipompa beji na rungu alianza kutembea kama mtu aliyebeba sufuria ya uji kichwani. Alipenda kioo cha namba tatu kwa sababu kilikuwa kimenyooka kuliko vingine. Anatoa kichana, anachana nywele kutoka kushoto, anarekebisha beji, anainua kidole kimoja juu vile wanavyoinua kwenye mkutano, anakishusha, anakiinua tena. Waliokuwa ndani walikuwa wanauma shuka kwa kucheka.

Na jioni, saa kumi na moja na nusu kwa saa ya yule mzungu, Gichuru anatoka kwake kwenye kona, anapita mbele ya vyumba akigonga. Ko, ko, namba moja. Ko, ko, namba mbili. Ndani unasikia pete za pazia zikikimbia kwenye waya. Watu wa njiani walimcheka mwanzoni, baadaye wakaanza kupika ugali kwa saa hiyo. Wapangaji wakazoea kabisa. Hakuna aliyejisumbua kukumbuka pazia. Gichuru ndiye alikuwa kumbukumbu yao.

Mwalimu Murunga alipanga namba tatu mwaka wa themanini na tano. Kijana mwembamba, miwani, anafundisha jiografia, na ndiye mtu wa kwanza hapa kumwuliza Gichuru maswali ya bahari yenye akili. Mimi niliuliza kama samaki wanalala. Yeye aliuliza nahodha anajuaje yuko wapi kama pande zote ni maji. Walikuwa wanakaa hapa nje Jumapili nzima, Gichuru akichora meli kwenye mchanga kwa gunzi la mahindi. Shemeji yangu hana mtoto wa kiume. Sisemi zaidi.

Siku moja mwalimu akamwambia, mimi nikiwa hapo, "Mzee, nataka ujue kitu, usije ukajulishwa na wengine. Kuna vikaratasi huwa naletewa. Vya kuisema serikali. Nasoma tu, nachoma. Ukiona ni hatari kwako, nitahama mwisho wa mwezi."

Gichuru alimaliza kuchora sitaha yake kwenye mchanga. Halafu akasema, "Kwangu hakuna mgeni ameonwa. Hautakuwa wa kwanza."

"Mzee, hii si meli."

"Wewe soma. Nikigonga, funga."

Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa. Niliyasikia kwa masikio yangu haya, na ni makubwa.

Sasa kuna kosa moja ambalo mtu wa baharini angelifanya na mtu wa Eldoret hangelifanya, na Gichuru alikuwa wote wawili, akalifanya. Kwenye meli waliishi kwa saa. Saa ikisema taa, ni taa. Hapa kwetu mwezi wa nne, jua halifuati saa ya mtu. Mawingu yanapanda kutoka upande wa Kaptagat saa tisa, na kufika saa kumi na moja mchana umekufa, huwezi kujua mbuzi na mbwa. Wapangaji wengine walikuwa na koroboi, kataa kadogo ka mafuta ka kuonyesha mdomo uko wapi. Kalikuwa hakatoboi kioo sana. Mwalimu alikuwa na karabai, ile taa ya presha, kwa sababu ya kusahihisha madaftari. Karabai ikipampiwa vizuri inageuza chumba kuwa duka la Mhindi.

Ilikuwa Jumatano, themanini na sita. Mvua ilianza saa kumi. Mwalimu alirudi kutoka shule amelowa, akaona chumba kimejaa giza, akawasha karabai yake. Pazia hakufunga. Kwa nini afunge? Hajagongewa.

Kesho yake saa mbili asubuhi Landrover ya polisi ilikuja mpaka mbele ya vyumba, na kwa sababu nyumba haina mgongo, walihitaji watu wawili tu mlangoni. Mwalimu alikuwa anafunga kamba za viatu. Alitoka na kiatu kimoja. Wakabeba madaftari ya watoto wa darasa la saba wakidhani ni kitu, yakarudi baada ya mwezi yamechanwa. Nyaguthii aliwakimbilia na kile kiatu kingine, wakafunga mlango wa gari. Alirudi nacho hapa, akakisimamisha juu ya meza kama mgeni, na hakuna aliyekitoa mpaka usiku wa pili.

Siku kumi na tisa hakuna aliyejua yuko wapi. Halafu tukasikia kwamba alisimama mbele ya hakimu Nairobi, saa ambayo ofisi zingine zilikuwa zimefungwa, akasema ndiyo kwa kila aliloulizwa. Akafungwa miezi kumi na mitano. Walisema alisema ndiyo hata alipoulizwa jina, kabla ya kutaja jina.

Gichuru aliacha kugonga. Alhamisi ileile, jioni, watu walingoja, hakutoka. Jumamosi alinunua debe la rangi ya bluu akapaka vioo vyote sita kwa nje, mpaka leo ni bluu, hakuna anayejiona. Jepkosgei akapita akauliza, "Mzee Gichuru, mmeuza yule mama wenu mchovu?" Akaingia ndani na debe lake. Ndungu naye alipata kazi mjini, kazi nzuri, ya ofisi. Na hapo ndipo watu walianza hesabu yao: mwenye nyumba hutembea mbele ya vyumba kila jioni akijua nani yuko ndani, mwalimu ameshikwa, mwenye nyumba amepaka rangi. Mbili na mbili. Wakapata nne yao.

Mwalimu alirudi Agosti ya themanini na saba. Nilimwona nikiwa njiani, sikumjua. Nilidhani ni baba yake. Alikuwa anatembea kwa kingo za nyayo, kama mtu anayekanyaga mabati moto, na hapa mbele palikuwa na kidimbwi cha mvua, kidogo, mtoto angekiruka. Alisimama mbele yake akatetemeka, kwa maana huko walimfungia kwenye chumba cha maji, mpaka Nyaguthii akaleta ubao akamwekea apite juu. Kazi ya ualimu ilikuwa imekwisha. Alikuja kuaga tu. Sanduku hakuweza kulibeba.

Alikaa kwenye kiti hiki nilichokalia. Alikunywa chai kidogo. Halafu akasema, kwa upole, ule upole wake wa kufundisha, "Mzee, mimi najiuliza jambo moja. Siku ile, uligonga? Mvua ilikuwa inapiga mabati sana. Labda uligonga na mimi sikusikia."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona shemeji yangu akifungua mdomo. Nilimwona akiufunga. Nyaguthii akasema, "Mwalimu, chai imepoa, wacha nikuongezee," akachukua kikombe kilichojaa akaenda nacho jikoni, na aliporudi mazungumzo yalikuwa yamefika kwa magari ya Kakamega.

Lile swali halikuondoka naye. Lilibaki hapa. Limekaa miaka mitano pamoja na sanduku, na Jumamosi mwenyewe anakuja.

Basi sasa wacha nilijibu lile swali, kwa sababu shemeji yangu ni mtu wa maneno machache na mimi Mungu alinipa na ya kwake. Saa kumi na moja na nusu kamili, siku hiyo ya Jumatano, Gichuru alitoka kwake na koti kichwani. Mvua kama mawe. Namba moja, ko, ko. Namba mbili, ko, ko. Mbele ya namba tatu alikuwa amesimama Ndungu, amelowa, kichana kimesimama katikati ya nywele. Hakuwa anajitazama. Alikuwa anatazama ndani. Na ndani, kweupe kama mchana, mwalimu amekaa mezani na vikaratasi vyake, anasoma akisogeza midomo, na kidole kinafuata mstari. Hata aliinua uso. Aliangalia kioo moja kwa moja, akarekebisha miwani, akaona sura yake, akarudi kusoma. Ndungu akageuka, akamwona Gichuru. Akashusha kichana.

Hapa watu wa Munyaka wafungue masikio. Gichuru hakutetemeka. Mtu aliyevuka bahari tatu hatetemeki mbele ya beji. Alimsogeza Ndungu kwa bega, hivi, kama unavyosogeza ndama, akainua mkono akagonga kile kioo mara mbili, ko, ko, kwa nguvu mpaka kikapata ufa, na ufa huo uko mpaka leo chini ya rangi, halafu akasema kwa sauti ambayo hata mvua iliinyamazia, Mwalimu, fung

"Macharia."

Mahindi yamenyamaza kwenye karai. Gunzi liko mkononi mwake, nusu lina punje, nusu halina.

"Futa hapo," anasema. "Nilimwambia Ndungu, mvua imetushika leo. Nikapita. Nikaenda nikagonga namba nne."